Kiti cha Wolkenhaag

Wanaoijua habari ya Kathure pale Pearland, kando ya Houston, hawaianzi kwa mzee wa Kijerumani wala kwa hakimu aliyepiga muhuri. Huianza na kiti, kwa sababu kiti ndicho alichokigusa kwanza.

Alikuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini, miguu imevimba, jua la Houston limeshaanza kuchoma lami. Nyumba ilikuwa tupu. Mumewe Lenny alikuwa kazini, binti yao Shiru shuleni. Kathure alipita sebuleni, akaegemea kile kiti cha mwaloni ili avue viatu, na kiganja chake kikakuta joto.

Halikuwa joto la jua. Mapazia yalikuwa yamefungwa na kiyoyozi kilikuwa kikinguruma tangu alfajiri. Lilikuwa joto la makalio. Ngozi ya kiti ilikuwa imebonyea katikati, na Kathure akiwa amesimama pale, kiatu kimoja mkononi, ile ngozi ikajiinua polepole ikitoa mlio mdogo, kama vile mtu aliyekuwa amekaa ameamua kusimama.

Hapo ndipo harufu ilipomfikia. Farasi aliyenyeshewa, na mshumaa uliozimwa kwa vidole.

Alimpigia Lenny simu. "Uko wapi?"

"Job. Kwani?"

"Nani alikuwa amekalia hiki kiti chako?"

Sauti ya Lenny ikashuka. "Kathure, nilikuambia hicho kiti hakikaliwi ovyo. Hata mimi sijakikalia bado."

Kiti kilikuja pamoja na jina, na jina lilikuja hivi.

Lenny alikuwa wakala wa nyumba. Mtu mzuri wa tabasamu, suti safi, mikono laini, na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuingia mahali bila kutaka kujulikana kuwa ameingia. Kanisani alitaka kiti cha mbele. Harusini alitaka meza ya wazee. Basi siku moja akaitwa kwenye nyumba moja kuukuu katikati ya Houston, nyumba ya mbao iliyooza pembe zote, na mwenye nyumba akamfungulia mlango akiwa amevaa koti la mahameli lililoliwa na nondo.

Huyo ndiye Ottokar, Freiherr von Wolkenhaag. Freiherr ni kama baroni, alimweleza Lenny, na akaeleza tena, na akaeleza mara ya tatu. Alikuwa mkavu kama omena na mwenye majivuno kama jogoo. Serikali ya kwao ilikwisha kuyafuta mambo ya ubwana wa kuzaliwa tangu baada ya Vita vya Kwanza. Kilichobaki ni maneno yaliyoning'inia mbele ya jina, kama mkia wa ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa. Ottokar aliupunga mkia huo kana kwamba ng'ombe angali machungani.

Ukoo wake, alisema, ulishuka kutoka kwa baba hadi mwana wa kwanza, kutoka kwa mwana wa kwanza hadi mwanawe, karne juu ya karne, bila kukatika na bila kupita kwa mwanamke. Yeye mwenyewe alikuwa na mabinti wawili huko Ulaya, watu wazima, lakini aliwataja kama mtu anavyotaja mvua iliyoharibu sherehe. Mama yao alianguka ngazini zamani. Hakupata mwana. Kwa hiyo alitaka mwana sasa, wa kisheria, na sheria za Texas zinamruhusu mzee kumwasili mtu mzima akitaka.

Na kwa nini Mkenya? Babu yake Ottokar alikuwa ofisa wa Wajerumani huko Tanganyika, enzi za kiboko. Mzee alipomsikia Lenny akiongea Kiswahili kwa simu, alishtuka. "Kinakijua Kiswahili," alimwambia. Lenny alidhani mzee amekosea ngeli.

Kathure alipoambiwa, alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe una baba. Mzee Ngugi yuko Nyahururu, mzima, anakamua ng'ombe wake. Utaasiliwaje kama kayatima?"

"Ni jina tu, Kathure. Jina linafungua milango."

"Milango gani? Wewe unauza nyumba. Funguo zote si unazo?"

Lenny hakucheka. Alikwenda mahakamani kimya kimya, akatoka akiitwa Leonhard Freiherr von Wolkenhaag. Mzee Ottokar alifariki wiki hiyohiyo, na waliomwona walisema alikufa akitabasamu, kama hamali aliyetuliwa gunia. Nyumba ile mbovu ikawa ya Lenny, lakini isingefaa kukaliwa kabla ya kukarabatiwa. Kilichohamia Pearland kwanza kilikuwa kiti.

Jumapili iliyofuata, mhubiri alipowataka wageni wajitambulishe, Lenny, ambaye hakuwa mgeni, alisimama. "Naitwa Baron von Wolkenhaag," akasema. Mama mmoja wa Kisii aliyekaa nyuma akauliza kwa sauti, "Baron gani? Si huyu ni Lenny?" Watu wakaangua kicheko. Kathure naye alicheka. Baadaye alikumbuka kwamba mumewe hakugeuka mwili kumtazama huyo mama. Aligeuza shingo tu, taratibu, kwa namna ambayo Lenny hakuwahi kuigeuza, na mama huyo akaacha kucheka.

Baada ya siku ile ya joto la kiti, Kathure alianza kusikia.

Kwa kuwa alifanya kazi usiku, alilala mchana, na mchana ndio uliokuwa wakati wa hicho kitu. Alikuwa akipitiwa na usingizi, dirisha limezibwa kwa pazia zito, anasikia hatua huko chini. Buti. Na kila buti lilipokanyaga, kitu cha chuma kililia nyuma yake, cheng, cheng, kama sarafu mfukoni. Zilizunguka sebule. Zilisimama mbele ya jiko, zikasubiri, kama mtu anayesubiri kuhudumiwa na anayehesabu dharau aliyofanyiwa. Kisha zikaanza kupanda ngazi.

Mara ya kwanza alijiambia ni mabomba. Mara ya pili alifunga mlango kwa ufunguo. Mara ya tatu hatua zilifika mlangoni, zikasimama, harufu ya farasi ikapenya chini ya mlango, na sauti ya mwanamume, kavu na ya karibu sana, ikasema neno moja:

"Maji."

Hakuamrisha kwa hasira. Alisema kama mtu ambaye katika maisha yake yote hajawahi kulisema neno hilo mara mbili.

Kathure alibaki kitandani, shuka limemganda mwilini, akiutazama mkono wa kitasa. Haukusogea. Buti zikageuka, zikashuka. Alipopata nguvu ya kutoka, alikuta picha zote za Shiru zilizokuwa ukutani kwenye ngazi, za siku ya kuzaliwa, za ubatizo, za shule, zimegeuzwa uso ukutani. Za Lenny ziliachwa.

Shiru aliporudi shuleni aliziona kabla mama yake hajamaliza kuzirudisha. Alikuwa na miaka kumi na miwili, umri wa kudharau kila kitu.

"Nani amefanya hivi?" akauliza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, akinong'ona, "Mum, ni yule mtu anakaa kwa kiti?"

"Mtu gani?"

"Sijui. Haniangaliangi. Anaangalia tu mahali niko, kama hakuna mtu."

Lenny naye alikuwa akibadilika, na mwanzoni mabadiliko yenyewe yalikuwa upuuzi mtupu. Alikataa kula mezani na wenzake. Alikataa kuitikia jina la Lenny. Alianza kukikalia kile kiti, jioni, mgongo wima, mikono juu ya vichwa vya simba vilivyochongwa, na kila alipokikalia alizungumza kidogo zaidi na kwa lugha mbaya zaidi. Mwana wa Nyahururu, aliyezaliwa na Kiswahili cha sokoni na Kikuyu cha nyumbani, alianza kuongea kama setla.

"Wewe mwanamke," alimwambia Kathure Jumapili moja baada ya ibada, chakula kikiwa mezani. "Hapana keti mbele ya bwana."

Kathure alimkodolea macho. "Umesema nini?"

"Simama."

"Lenny, usinifanye nikurushie hii sufuria."

Hapo macho ya Lenny yakarudi kidogo, yakazunguka chumba kama ya mtu aliyeamshwa. Akashusha sauti. "Ananiambia vitu, Kathure. Juu ya hiyo familia. Huwa kuna sheria ya nyumba. Lazima kuwe na kijana. Wale mabibi waliozaa wasichana tu..." Akatazama ngazi. "Mmoja alikula uyoga mbaya. Mmoja alizama kwenye kisima. Bibi ya Ottokar akaanguka kwa ngazi. Halafu wanaume wanaoa tena, wanapata kijana. Kila time. Kila kizazi. Anasema si kuua. Anasema ni kupalilia."

"Nani anasema?"

Lenny alifungua mdomo, akaufumba, na ulipofunguka tena haukuwa wake. Uso ule ulimtazama Kathure toka miguuni hadi kichwani, jinsi mtu anavyotazama kitu alichokuta kimenata kwenye soli ya kiatu, kisha ukageukia dirisha.

Ingekuwa mwingine angehama siku ile. Kathure hakuhama, kwa sababu alikuwa Mmeru, na nyumba ilikuwa yake pia, na kuitoroka nyumba yako kwa ajili ya baroni aliyekufa kwake kulikuwa jambo la aibu zaidi kuliko kuogopa. Kiburi kile nusura kimuue.

Ilikuwa adhuhuri. Shiru alikuwa nyumbani, shule zimefungwa, ameketi chini kwenye zulia na simu yake. Kathure alikuwa juu ya ngazi na kapu la nguo, amekwisha kuteremsha mguu mmoja, mwingine ungali hewani, harufu ya farasi ilipomjia kwa nyuma, nzito, yenye unyevunyevu, kana kwamba mnyama mzima amesimama pale ukumbini akipumua kwenye shingo yake, na kabla hajageuka akasikia cheng moja tu, hatua moja ya mtu asiye na haraka, na kiganja kikubwa cha baridi kikatua katikati ya mabega yake, kikatulia pale kwa muda, bila chuki, bila hata kumfikiria sana, kama mkulima anavyoshika bua kabla ya kulivuta, halafu kikasukuma. Kapu likaruka. Kathure alidaka nguzo ya ngazi kwa mkono mmoja, bega likalia, goti likagonga ukuta, na wakati akining'inia pale, Shiru akipiga mayowe huko chini, sauti ile kavu ikasema juu yake, ikimweleza mtu mwingine:

"Hakuzaa."

Alishuka ngazi kwa makalio kama mtoto asiyejua kutembea. Akamshika Shiru mkono. Walitoka wakiwa pekupeku, na gari lilikuwa limeshafika barabara kuu kabla hajagundua kwamba alikuwa analia.

Kazini kwao palikuwa na Mkongomani, Kethia, msaidizi wa wauguzi, msichana mnyamavu. Kathure alimpigia kwa sababu hakuweza kuwapigia Wakenya wenzake. Wangemcheka Baron na jini lake, na hadithi ingefika Nairobi kabla ya jioni. Kethia alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwenda kwa tantine, shangazi yangu," akasema. "Haltom City. Maman Annonciata. Hatakucheka. Yeye anacheka hao majini."

Haltom City ni upande wa Fort Worth, safari ya nusu siku ukiwa na mtoto anayetetemeka kiti cha nyuma. Maman Annonciata alikaa kwenye nyumba ya kupanga yenye harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, mwanamke mfupi, mnene, aliyetoka Uvira kwa miguu na kupitia kambi za wakimbizi. Alifanya kazi ya kuwaogesha wazee. Jioni watu walimletea mambo yao, na yeye aliomba, na mara nyingine mambo yale yaliondoka.

Alimsikiliza Kathure huku akichambua majani. Hadithi ilipokwisha, aliuliza swali moja. "Ile kitu inaomba nini? Damu? Kuku? Kitambaa?"

Kathure alifikiri. "Inaomba tusimame."

Maman Annonciata aliweka bakuli chini. "Aa. Basi hii iko na njaa ya heshima. Watu wa pwani, wanamwita mtu anapandwa na pepo kiti, si vile? Kiti ya pepo. Wale bazungu walikuwa viti vyote. Baba kiti, mutoto kiti, mujukuu kiti. Waliona banarithi ufalme, kumbe banarithi kukaliwa." Akacheka, kicheko kirefu cha tumbo, na Shiru, aliyekuwa hajasema neno tangu Pearland, akatabasamu kidogo. "Twende. Mimi nitakuya na wewe. Lakini sikiliza, maman. Ukimwogopa, unamulisha. Ukimutukana kwa hasira, unamulisha pia, sababu hasira ni heshima. Umudharau. Kabisa. Kama ile kitu inanuka tu."

Walimwacha Shiru kwa mabinti wa Maman na kurudi kesho yake. Waliingia Pearland alasiri, mbingu imekuwa nyeusi kwa dhoruba, miti ya jirani imelala upande mmoja.

Lenny alikuwa kwenye kiti.

Haikuonekana kama ameketi. Ilionekana kama amewekwa. Taa hazikuwaka, mvua ilipiga vioo, na katika mwanga ule wa kijivu uso wake ulikuwa mrefu kuliko uso wa Lenny, mashavu yameingia ndani, midomo imebanwa. Harufu iliwapiga kama mlango wa zizi uliofunguliwa. Nyuma ya kiti, hewani ambapo hapakuwa na mtu, kitu kilipasua upepo, whip!, na alama nyeupe ikachanika kwenye rangi ya ukuta.

"Nani huyu?" mdomo wa Lenny ukasema.

"Annonciata," akajibu Maman, akivuta kiti cha plastiki kutoka jikoni na kukikalia, miguu imepanuka, mkoba mapajani.

"Hapana keti! Simama! Hamsa ishirini! Viboko hamsa ishirini kwa huyu!"

Kiboko kikalia tena na mstari mwekundu ukafumka kwenye mkono wa Maman Annonciata, kutoka kiwiko hadi kifundo. Kathure akapiga ukelele. Maman aliutazama ule mstari, akalamba kidole chake, akaupaka mate.

"Ni hivi tu?" akasema. "Baba yako ni nani?"

Jini halikutegemea kuulizwa hivyo. Hakuna aliyewahi kuliuliza swali hilo isipokuwa kwa kupiga magoti. Mgongo wa Lenny ukanyooka, na ndani ya sauti ile kukaingia furaha, furaha mbaya ya mzee anayeombwa asimulie ujana wake.

"Ottokar, mwana wa Waldemar."

"Na baba ya Waldemar?"

"Egon, aliyewachapa watu wenu Tanganyika."

"Na baba yake?"

Likataja. Likataja na wa nyuma yake, na wa nyuma ya huyo, akina Ruprecht na Dietmar na Wolfram, mwana wa kwanza kwa mwana wa kwanza, na kila jina lilipotoka mdomoni mwa Lenny chumba kilizidi baridi na sauti ilizidi uzee, mpaka Kathure akaona, au akadhani anaona, nyuma ya kiti, msururu wa wanaume waliovaa vyuma na mahameli na buti za matope, kila mmoja amekalia mapaja ya aliye nyuma yake, mikono ikining'inia, vinywa wazi, macho yamegeuka ndani kama ya samaki wa barafu, na mgongoni pa kila mmoja kitu kilekile cheusi kimekumbatia shingo kama mtoto anayebebwa. Alitaka kukimbia. Miguu ilikuwa imekwisha kugeuka. Lakini alisikia sauti ya Maman ikiuliza vilevile, bila haraka, kama mama anayemhoji mtoto aliyeiba sukari, "Na baba yake? Na baba ya huyo?" na akabaki.

Halafu majibu yakaanza kuchelewa.

"Na baba yake?"

"Kunz."

"Kunz nani?"

Mvua.

"Minauliza. Kunz nani? Kunz von nini?"

"Kunz tu," likasema jini, na kwa mara ya kwanza lilinong'ona.

"Alikuwa nani, huyo Kunz tu?"

"Alichunga farasi wa bwana wake. Usiku mmoja aliwafungulia maadui lango. Bwana akachinjwa kitandani. Kunz alitaka kitanda. Nikampa."

"Mulinzi wa farasi," alisema Maman Annonciata, akimgeukia Kathure kana kwamba wako peke yao sokoni. "Mwizi. Halafu miaka yote hii banatembea pua juu."

Kathure alikuja kusema kwamba hapo hofu yake ilikauka kama jasho kwenye feni. Alikitazama kile kitu kilichokaa ndani ya mumewe, na hakuona mfalme wala ibilisi. Aliona kupe.

Akasogea mbele. Kiboko kililia karibu na sikio lake, hakugeuka. "Mimi nimewaosha watu wa kila ukoo," akasema, kwa sauti ileile anayotumia wodini. "Mapadri, majenerali, mabilionea. Nimewageuza kitandani na kuwapangusa. Hakuna mavi yenye von. Toka hapo."

Akamshika Lenny kwapani, kama anavyomshika mgonjwa mzito, akamhamisha, akamtua sakafuni. Kisha akageuka, akiwa na nguo za kazi na viatu alivyokuwa akivihifadhi garini, vilivyokanyaga kila kitu kinachomwagika hospitalini, na akakaa.

Akakaa mwanamke. Pale ambapo hakuwahi kukaa mwanamke.

Kilio kilichofuata hakikutoka kinywani mwa Lenny. Kilitoka kwenye mbao, kwenye vichwa vya simba, kikapanda kuta, na nyuma yake wale wanaume wote wakaanguka mmoja juu ya mwenzake kama viti vinavyokunjwa baada ya mazishi, na buti zikakimbia, zikakimbia kweli, bila adabu, cheng-cheng-cheng kuvuka sebule, zikapita mlango uliofungwa, zikaingia mvuani. Radi ikapiga. Taa zikarudi. Kiyoyozi kikaanza kunguruma.

Hewa ilinuka sabuni ya sakafu, basi.

"Imeenda," alisema Maman Annonciata, akijipangusa shingo kwa kitenge. "Haina ukoo tena. Itakufa njiani kama jibwa. Sasa mwanaume ataje jina ya baba yake, tumalize."

Kathure alishuka kwenye kiti, akapiga magoti karibu na mumewe. Lenny alikuwa mzima. Macho yalikuwa yake, yale ya siku zote, na machozi ndani yake. Alimshika uso.

"Lenny. Taja jina la baba yako. Sema tu. Ngugi."

Lenny alimwangalia. Alimwangalia Maman, akaangalia kile kiti, ambacho sasa kilikuwa kiti tu, cha zamani, ngozi imechanika.

"Mnajua mmefanya nini?" akauliza taratibu. Sheng yote ilikuwa imemtoka. "Karne zote hizo. Mmekata."

"Lenny, jina."

Alisimama. Akajipangusa magoti ya suruali. Hakukuwa na pepo kichwani mwake. Maman Annonciata aliapa baadaye, na Kathure, aliyemjua mwanamume yule kwa miaka kumi na minne, hakuhitaji kuapiwa.

"Leonhard," akasema, kwa sauti yake mwenyewe. "Freiherr von Wolkenhaag."

Alihamia kwenye ile nyumba iliyooza wiki hiyo. Kathure alikipasua kiti kwa shoka la jirani na kukitupa pamoja na takataka, kisha akampigia simu Mzee Ngugi Nyahururu, akamweleza yote bila kupunguza. Ng'ombe walisikika nyuma ya mzee.

"Shiru yuko?" akauliza hatimaye.

"Yuko, Baba."

"Mpe simu. Nataka nimweleze mipaka ya shamba, ajue ni wapi inapita."

Mwezi uliofuata Kathure alipeleka nguo za Lenny zilizobaki. Mvulana wa Kikongo aliyekuwa akikata nyasi mbele ya ile nyumba alikuwa amekaa kivulini akinywa maji. Lenny alikuwa barazani, amevaa koti la mahameli lililoliwa na nondo, katika joto lile la Houston. Alikuwa mtanashati, mwenye afya, ametulia. Kathure alisimama kwenye njia na kunusa, kwa mazoea. Akatega sikio. Hapakuwa na farasi. Hapakuwa na chuma kilicholia. Hapakuwa na mtu mwingine yeyote.

"Upesi, wewe," Lenny alimwambia mvulana, bila kumtazama. "Nani amekuambia keti?" Kisha akamwona mkewe na mfuko. Alimtazama toka miguuni hadi kichwani.

"Mlango wa jikoni uko nyuma," akasema.

Kathure alifungua mfuko, akamwaga nguo zote kwenye nyasi, akamwita yule mvulana aingie garini, na wakaondoka.